Jibu Bila Njia Halitoshi

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nimeikumbuka methali hii mara nyingi tangu muhula uliopita, siku ilipoingia katika chumba cha walimu cha shule yetu, hapa Birongo katika kaunti ya Kisii, chupa ndogo nyeupe yenye tembe sitini. Ilikuwa imetoka Minnesota, Marekani, ambako jamaa zetu wengi Abagusii wamelowea, na aliyeipokea ni mwalimu mwenzetu ambaye kwa muda mrefu amekuwa akilalamika kwamba kilima cha kutoka barabarani hadi shuleni kinamkata pumzi. Kibandiko kiliahidi kwamba tembe zile, zilizotokana na homoni ambayo mwili hujitengenezea wenyewe, zingeuamsha mwili uyachome mafuta yake.

Kwa kuwa ndimi nifundishaye biolojia, wenzangu wakanigeukia. "Mwalimu, dawa hii ni salama?" Nilikuwa nikisahihisha madaftari. Nilikitupia kibandiko jicho mara moja, nikaliona neno homoni na neno asili, nikajibu kwa sauti ya mtu ajuaye: "Ikiwa mwili wenyewe huitengeneza, haiwezi kuwa na madhara." Kisha nikaendelea kuwakata alama wanafunzi walioandika majibu bila kutoa sababu.

Wiki mbili baadaye, msichana mmoja wa kidato cha tatu, miongoni mwa wakimbiaji wetu wa masafa marefu, alinisubiri nje ya maabara. Mkononi alikuwa na karatasi iliyokunjwa, na ndani yake tembe kumi alizopewa na shangazi yake. Alikuwa ameambiwa kwamba mwili wake ni mzito kwa mita 5,000, naye alitaka kujua ameze ngapi kwa siku kabla ya mashindano ya kaunti. Nilipomwuliza ni nani aliyemwambia azimeze, alinitazama kwa mshangao. "Mwalimu, si ni wewe uliyesema hazina madhara?" Jibu langu lilikuwa limetoka chumba cha walimu, likapita sokoni, likafika nyumbani kwao kabla yangu.

Nilizichukua tembe zile, nikamwomba anipe siku chache. Makala haya ndiyo jibu ambalo ningepaswa kulitoa tangu mwanzo, nami nalielekeza kwa walimu na wanafunzi, kwa sababu kosa langu ni kosa letu sote tuliozoea kudai ushahidi darasani na kuusahau tutokapo mlangoni.

Kwanza, nisieleweke vibaya. Sina nia ya kumcheka mtu yeyote anayetaka kupunguza uzito. Zamani unene ulihesabiwa kuwa dalili ya neema, na aliyekonda aliulizwa kama anaugua. Leo twajua kwamba uzito uliozidi huandamana na shinikizo la damu, kisukari na maumivu ya magoti, na kwamba tatizo hili si la mataifa tajiri peke yake. Utafiti wa kitaifa wa afya uliofanywa nchini Kenya mwaka 2014 ulionyesha kwamba takriban mwanamke mmoja kati ya kila watatu wenye umri wa miaka 15 hadi 49 alikuwa na uzito uliopita kiasi. Bodaboda hutupeleka tulikokuwa tukitembea, na chai yenye sukari tele na mandazi imeshika nafasi ya obokima bwa wimbi na chinsaga. Mwenye kutafuta msaada ana haki ya kuutafuta. Swali ni kama anachouziwa ni msaada.

Tembe ile ina kemikali iitwayo 7-keto-DHEA. Mzazi wake, DHEA, ni homoni inayotengenezwa na tezi zilizo juu ya figo, na ilitambuliwa mwaka 1934 na mwanakemia Mjerumani Adolf Butenandt. Kiasi chake mwilini huwa kikubwa ujanani, kisha hupungua kadiri miaka inavyosonga, na jambo hilo limewafanya wafanyabiashara wengi kuiuza kama maji ya ujana. Tatizo la DHEA ni kwamba mwili waweza kuigeuza kuwa homoni za kiume na za kike. Profesa Henry Lardy wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, bingwa wa kemia ya uhai aliyefariki mwaka 2010, alichunguza vizalia vyake akitafuta kile kitakachochochea uchomaji wa chakula mwilini bila kugeuka kuwa homoni za uzazi. 7-keto ni tunda la uchunguzi huo. Wazo hilo si la kitapeli. Ni wazo la kisayansi lenye heshima yake, lakini wazo zuri na dawa iliyothibitishwa ni vitu viwili mbalimbali, kama vile mbegu si mavuno.

Basi ushahidi uko wapi? Nilitafuta tafiti zenyewe, nikaacha matangazo. Utafiti unaotajwa sana ulichapishwa mwaka 2000. Watu 30 wenye uzito uliozidi waligawanywa makundi mawili: kundi moja lilimeza miligramu 200 za 7-keto kila siku, na jingine likameza tembe tupu zinazofanana nazo. Washiriki hawakujua wamo kundi gani, na hata watafiti hawakujua. Wote waliwekewa chakula cha takriban kalori 1,800 kwa siku, na wote walifanya mazoezi kwa saa moja mara tatu kila wiki. Baada ya wiki nane, waliomeza dawa walikuwa wamepungua kwa wastani wa kilo 2.88, na waliomeza tembe tupu kilo 0.97.

Mwanafunzi wangu, hapa ndipo ninapokuomba ulikumbuke jani. Tunapofundisha usanisinuru tunalifunika jani moja kwa karatasi nyeusi na kuliacha jingine wazi, ili tofauti ya rangi ya iodini iwe na cha kulinganishwa nacho. Kundi la tembe tupu ndilo jani letu la pili. Bila hilo, muuzaji angetangaza kwamba dawa imepunguza kilo tatu. Pamoja nalo, twaona kwamba karibu kilo moja ya hizo ilipungua hata kwa wasiomeza dawa, na kwamba kilichobaki mikononi mwetu ni tofauti ya kilo mbili kasoro kidogo, kwa watu wasiozidi idadi ya wanafunzi wa darasa moja, kwa muda usiotimia muhula mmoja wa shule. Zaidi ya hayo, hakuna aliyekaa kitako akingoja tembe imfanyie kazi. Wote walikula kwa kipimo na kutokwa jasho. Mtu anayeimeza tembe hiyo huku akiendelea na maisha yake ya kawaida hana utafiti huu wa kumtetea.

Utafiti mwingine, wa mwaka 2007, uliwahusu watu 40 waliopunguziwa chakula, ukapima kiasi cha nishati ambacho mwili hutumia ukiwa umepumzika. Mwili wa mtu anayejinyima chakula hubana matumizi, kama mama wa nyumba anavyobana unga msimu wa njaa. Watafiti waliona kwamba dawa ilizuia ubanaji huo. Ni jambo la kuvutia. Lakini kila dawa ilijaribiwa kwa siku saba tu, na siku saba haziwezi kutuambia kama mtu amekonda, wala kama atabaki hivyo Krismasi ikifika.

Ili tuone ushahidi kamili unavyofanana, tutazame upande wa pili. Semaglutaidi nayo imeundwa kwa kuigiza homoni, ile ya utumbo inayouambia ubongo kwamba tumbo limeshiba. Mwaka 2021 yalichapishwa matokeo ya jaribio lake kwa watu 1,961, lililodumu wiki 68. Waliodungwa dawa walipungua kwa wastani wa asilimia 14.9 ya uzito wao, na wale wa sindano tupu asilimia 2.4. Madhara yake, kama kichefuchefu, kutapika na kuharisha, yalihesabiwa na kuandikwa. Baadhi ya washiriki walifuatwa hata baada ya kuacha dawa, ikaonekana kwamba katika mwaka mmoja walirudisha takriban theluthi mbili ya uzito waliokuwa wameupoteza. Siitangazi dawa hiyo. Ni ya kuandikiwa na daktari, ni ghali, na mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa onyo kuhusu semaglutaidi ghushi zilizokuwa zimepatikana katika nchi kadhaa. Ninachosema ni kwamba wenye kuitengeneza walilazimishwa kuonyesha njia, hata pale njia ilipofichua kasoro. Weka watu 1,961 kando ya watu 30, na wiki 68 kando ya wiki nane, kisha uamue mwenyewe.

Naja sasa kwenye usalama, jambo nililolijibu kwa kiburi huku nikisahihisha madaftari. Uchunguzi wa usalama wa 7-keto uliochapishwa mwaka 2000 ulifanywa kwa wanaume 22 wenye afya njema, na 16 tu kati yao ndio waliopewa dawa. Kipimo kilipandishwa hatua kwa hatua, na kile cha juu, miligramu 200, walikimeza kwa siku 28. Hawakuonekana kudhurika. Tushukuru. Lakini katika idadi hiyo hamkuwa na mwanamke hata mmoja, hamkuwa na mgonjwa wa moyo wala wa kisukari, wala hamkuwa na msichana ambaye mwili wake ungali unakua. Nao ule utafiti wa kilo 2.88 ulionyesha kwamba homoni moja ya tezi ya shingoni ilipanda kwa wale waliomeza dawa, ingawa haikuvuka mipaka ya kawaida. Dawa inayoigusa tezi hiyo kwa wiki nane itaifanyia nini kwa miaka mitatu? Mwenye jibu ajitokeze na daftari lake. Kukosekana kwa habari za madhara si habari za usalama. Shamba ambalo hujapata kulikagua haliwi halina fuko kwa sababu hiyo tu.

Nao wanaosema kwamba kitu cha asili hakidhuru, kama nilivyosema mimi, wasome historia. Tangu mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, homoni za tezi ya shingoni zilitumiwa kuwakondesha watu, hadi ilipodhihirika kwamba zinapopewa wasiozihitaji zaweza kuuvuruga mpigo wa moyo na kudhoofisha mifupa. Mwaka 1954 daktari Simeons, aliyekuwa akifanya kazi Roma, aliandika katika jarida la Lancet kuhusu sindano za homoni iitwayo HCG, inayopatikana katika mkojo wa wanawake wajawazito, pamoja na chakula cha kalori 500 kwa siku. Umati ulimfuata. Mwaka 1995 watafiti wa Uholanzi walizipitia tafiti 24 za sindano hizo, wakahitimisha kwamba hapana ushahidi wa kisayansi kuwa HCG inatibu unene. Kilichowakondesha watu ni njaa. Alaye kalori 500 kwa siku atakonda hata akidungwa maji ya kisima. Insulini pia ni ya asili, na kipimo chake kikizidi huua.

Wengine watauliza: kama mambo ni hivyo, Marekani, nchi yenye sheria kali, yaruhusuje tembe hizi ziuzwe? Jibu liko katika sheria ya mwaka 1994, iliyoziweka bidhaa za aina hii katika fungu la virutubishi vya ziada. Tofauti na dawa, mtengenezaji wa bidhaa hizi halazimiki kuithibitishia serikali kwamba zinafanya kazi kabla hajaziuza. Analazimika tu kuandika kwenye kibandiko kwamba madai yake hayajapimwa na mamlaka, na kwamba bidhaa haikukusudiwa kutibu ugonjwa. Maneno hayo yalikuwepo kwenye chupa yetu, kwa herufi ndogo kama sisimizi. Chini ya sheria hiyohiyo mmea wa efedra uliuzwa kwa wanaotaka kukonda, na ni mwaka 2004, baada ya vifo, ndipo ulipopigwa marufuku. Isitoshe, uchambuzi uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba kuanzia 2007 hadi 2016 mamlaka ya Marekani ilibaini virutubishi 776 vilivyotiwa dawa za siri, na takriban vinne kati ya kila kumi viliuzwa kama vya kupunguza uzito. Iliyopatikana zaidi katika hivyo vya uzito ni sibutramini, dawa iliyoondolewa sokoni mwaka 2010 kwa sababu ya hatari yake kwa moyo. Kwa hiyo hata aliyeusoma utafiti wa 7-keto na kuridhika hana hakika kwamba chupa iliyo mkononi mwake ina 7-keto, na hiyo peke yake.

Namrejelea sasa msichana wangu, kwa maana kwake hatari haikuwa ya mwili tu. Sisi wa Gusii tumelelewa na majina ya wakimbiaji. Naftali Temu aliiletea Kenya dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki mwaka 1968 kule Mexico, katika mita 10,000. Yobes Ondieki alitwaa ubingwa wa dunia wa mita 5,000 mwaka 1991, na mwaka 1993 akawa binadamu wa kwanza kukimbia mita 10,000 chini ya dakika 27. Mtoto wa huku akiwa na miguu mizuri, miguu hiyo ni karo ya wadogo zake. Sasa sikiliza: 7-keto-DHEA imo katika orodha ya dawa zilizopigwa marufuku na Shirika la Dunia la Kupambana na Dawa za Kututumua Misuli, katika fungu moja na homoni za kujenga misuli, wakati wa mashindano na nje ya mashindano. Kanuni husema kwamba mwanariadha huwajibikia kila kinachopatikana mwilini mwake, awe amekijua au hakukijua, na adhabu yaweza kufika miaka minne nje ya uwanja. Nchi yetu imeaibika vya kutosha kwa jambo hili, hata Bunge likapitisha sheria maalumu mwaka 2016. Tembe iliyoletwa kwa mapenzi na shangazi, ikapewa baraka na mwalimu wa biolojia, ingeweza kulifunga lango ambalo mtoto hajalifikia bado.

Najua kuna watakaoniambia kwamba mimi nadai mno. Mtu anayeteseka leo, watasema, hawezi kungoja utafiti wa miaka kumi, na kwa vyovyote kilo mbili ni kilo mbili. Hoja hii ina uzito wake, na mtu mzima, mwenye afya, aliyezungumza na daktari wake, akiamua kujaribu kwa fedha zake, sitamfuata nyumbani. Lakini aamue akijua anachokijua na asichokijua. Wala asisahau kwamba fedha hizo zina kazi nyingine. Bei ya chupa ile, mwenzetu alinieleza, ingemnunulia mboga za miezi kadhaa katika soko la Daraja Mbili, pamoja na viatu vizuri vya kutembelea. Na mwendo wa miguu hauhitaji kibandiko.

Kwa maoni yangu, kazi ya kwanza ni yetu walimu. Tunawafundisha watoto hatua za uchunguzi wa kisayansi ili wapite mtihani, kisha twawaacha watoke nje wakiwa hawana silaha mbele ya tangazo la kwanza. Tuvilete vibandiko na matangazo darasani. Tuwazoeze kuuliza: Ni watu wangapi waliojaribiwa, nao ni akina nani? Kwa muda gani? Walilinganishwa na nini? Nani aliyegharamia, naye anauza nini? Mtoto ajuaye kuuliza haya ana kinga itakayomfaa atakapouziwa mbegu, mikopo, mafuta ya kujichubua na hata wagombea wa kura.

Wazazi na jamaa zetu walio ng'ambo nao, ambao mapenzi yao hatuyatilii shaka, wakumbuke kwamba dawa inayouzwa nchini hupaswa kusajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu, lakini kifurushi kilichofungwa katikati ya nguo hupita pasipo jicho la mfamasia yeyote. Wakufunzi wa riadha mashuleni wasimpe mwanafunzi tembe yoyote ambayo hawajaihakiki katika orodha ya marufuku. Na wanaomwambia msichana wa miaka kumi na saba, anayekimbia kilomita kumi kabla ya kifungua kinywa, kwamba yeye ni mzito, wajiulize kama tatizo limo mwilini mwake au machoni mwao.

Nilimweleza msichana yule haya yote, kwa lugha nyepesi kuliko hii. Alisikiliza kimya, kisha akauliza kwa nini sikuyasema mwanzoni. Sikuwa na utetezi. Katika mkutano wa walimu wa Ijumaa hiyo nilisimama nikayafuta maneno yangu mbele ya wenzangu, mwenye chupa akiwemo. Yeye alinichekea, akasema kwamba angalau sasa ana sababu ya kuniamini, akaenda kupimwa shinikizo la damu, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miaka minne.

Mwalimu wa hisabati humwambia mwanafunzi kwamba jibu peke yake halitoshi, na kwamba njia nayo ina alama zake. Tembe za kupunguza unene zimetuletea jibu lililoandikwa kwa wino wa dhahabu. Tuzirudishie karatasi, tuziambie zionyeshe njia. Na kabla ya kuzisahihisha, sisi tulioshika kalamu nyekundu tuanze kwa kujisahihisha wenyewe.